Gargar: Wamama wa Garissa Waliotoa Albamu

Gargar ni kundi la wamama Wasomali kutoka Garissa. Hiyo jina kwa Kisomali ni "msaada". Albamu yao, Garissa Express, ilitoka na Ketebul Music, lebo ya Tabu Osusa pale Nairobi.

Sasa usiende Eldas, huko Wajir, ukisaka baa yenye bendi ya jazz Ijumaa. Maze, utapewa chai ya maziwa ya ngamia, na ni tamu. Benga ilijaza baa za Kisumu na Nairobi, bendi kama Shirati Jazz zikipigia watu magitaa mpaka che. Kaskazini Mashariki mambo iko kwa arusi. Wamama wanafanya duara, ngoma inalia, mmoja anashusha buraanbur, yaani mashairi ya wanawake, wenzake wakipiga makofi. Anasifu bibi arusi, anasifu familia, na watu wakienda home mistari imepotea hivyo tu. Bendi ya baa hulipwa, inajulikana, prodyusa anaiskia. Arusi ya Eldas prodyusa ataiskia wapi?

Cheki Hargeisa. 1988, kabla mabomu ya Siad Barre yaangushe mji, watu wa redio walificha kanda zao, zingine wakazizika chini. Ngoma za hizo kanda ziko kwa Sweet as Broken Dates, albamu ya 2017 iliyopata uteuzi wa Grammy.

Kama uko na ayeeyo anajua buraanbur, muombe ruhusa kwanza, halafu washa simu.