Kitu na Jina Lake: Kitawanyajoto cha Kompyuta

Miongoni mwa miswada iliyofika mezani petu kuhakikiwa ulikuwamo mwongozo wa kutengeneza kompyuta, uliotafsiriwa kwa ajili ya vyuo vya ufundi. Katika ukurasa mmoja mwanafunzi aliagizwa abandike "sinki la joto la kutendwa" juu ya chipu ya bodi mama. Mfasiri hakuwa mvivu. Alilifuata kila neno la Kiingereza kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliomponza, kwani sinki, au karo kama wengine wetu tunavyosema, ni la kumwagia maji, nayo kauli ya kutendwa ni ya vitenzi. Tulipomsomea fundi mmoja maagizo hayo, alituuliza bomba lake linaunganishwa wapi. Ndipo tulipoona yafaa kuichunguza historia ya kitu chenyewe kabla ya kukipa jina.

Kitu tunachokizungumzia ni kipande cha alumini au shaba chenye mapezi, ambacho hukazwa juu ya chipu inayopata moto. Chipu ni ndogo, na hewa iliyotulia ni mpitishaji dhaifu mno wa joto. Alumini huipita hewa hiyo mara elfu kadhaa. Basi metali hulipokea joto kutoka eneo dogo, ikalieneza katika mapezi yake yote, na hewa inayoyagusa ikapata moto, ikapanda juu, na nyingine ya baridi ikaja mahali pake. Metali hailimezi joto. Baada ya dakika chache za kupata moto, kila kinachoingia hakina budi kutoka.

Jina la Kiingereza lina asili yake katika elimu ya joto. Humo, karo ni mahali joto linapoishia, mathalani bahari au anga, kitu kikubwa kiasi kwamba hakibadiliki kwa joto linaloingia. Kwa maana hiyo karo la kweli la kompyuta ni hewa ya chumba, na kile kipande cha metali ni njia tu ya kuifikia. Waingereza wamekwisha kulizoea jina lao, wala halituhusu kuwasahihisha. Lakini sisi hatulazimiki kuurithi mkanganyiko huo.

Kompyuta za kwanza hazikuwa na kipande hiki juu ya chipu kwa kuwa chipu zenyewe hazikuwapo. ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani huko Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na vali zipatazo 18,000, ikatumia kilowati zipatazo 150, na ilihitaji mashine za kupuliza hewa. Transista ya mwaka 1947 ilipunguza moto huo mno. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971, yenye transista 2,300, ilifanya kazi bila ya kupozwa na kitu chochote, na hata prosesa ya 8088 katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikaa uchi juu ya bodi.

Hata hivyo joto lilikuwa limekwisha kuanza kuwasumbua wengine. Mwaka 1980 Apple ilitoa kompyuta ya Apple III bila ya feni, kwa kuwa Steve Jobs hakupenda kelele. Kasha lake la alumini ndilo lililotegemewa kulitoa joto nje. Nyingi ziliharibika, chipu zikalegea katika vishikio vyake, hata wenye mashine wakashauriwa waiinue kidogo na kuiachia ianguke mezani. Kama joto peke yake ndilo lililokuwa na hatia, wahusika wenyewe hawakukubaliana.

Prosesa ya Pentium ya mwaka 1993 ilifikia wati zipatazo 15, na tangu hapo mapezi, aghalabu pamoja na feni, yakawa jambo la kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yakahitajika pia juu ya chipu ile inayoratibu mawasiliano ya prosesa, kumbukumbu na kadi ya picha. Watengenezaji wakaiwekea feni ndogo ya upana wa sentimita chache, yenye kupiga kelele, kushika vumbi na kufa mapema kuliko kila kitu kilichomo. Watumiaji wengi wakaing'oa, wakasafisha uso wa chipu, wakapaka mafuta mapya ya kupitisha joto kwa wembamba, kisha wakakaza metali kubwa zaidi isiyo na feni. Kazi za chipu hiyo zilipoanza kuhamia ndani ya prosesa, kwa AMD mwaka 2003 na kwa Intel mwaka 2008, tatizo likapungua. Likarudi mwaka 2019 katika bodi za X570, na feni ndogo pamoja nalo.

Hapa ndipo jina linapokuwa jambo la hasara au faida. Tuseme chipu yatoa wati 4, na metali yake hupanda nyuzi 10 kwa kila wati. Katika chumba cha nyuzi 20 chipu itafika 60. Katika chumba cha nyuzi 32, kama vile Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, itafika 72. Mwanafunzi anayeamini kuwa metali hulimeza joto hataiangalia hewa. Ataifungia mashine kabatini na kuyazungushia mapezi nyaya.

"Kifyonzajoto" tumelikataa kwa sababu hiyohiyo. "Kipozajoto" lasikika vizuri, ila kinachopozwa ni chipu, si joto. Tunapendekeza "kitawanyajoto", kwa mfano wa kipimajoto ambacho kila mwalimu anakijua. Lile neno lililoleta "kutendwa" hatulitafutii istilahi. Tuseme "kisicho na feni", maana fundi haulizi zaidi ya hapo. Tunajua kwamba watumiaji ndio waamuzi: tulipokuwa na tarakilishi na ngamizi, wengi walichagua kompyuta.

Yamebaki yale mafuta yanayopakwa kati ya chipu na metali. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi watuandikie mafundi wao huyaitaje, kabla hatujayatungia jina sisi.