Mpini wa Kisu cha Kukunja katika Nyanda za Juu za Kusini

Kisu cha kukunja huvunjika mpini kabla ya kwisha makali. Huanguka juu ya jiwe, au hunyeshewa na mvua kisha kikaachwa juani, na kile kibao cha ubavuni kikapasuka. Hapo mwenyewe hubaki ameshika mabamba mawili membamba ya shaba yanayomwumiza kiganja. Katika Iringa na Mbeya kisu cha namna hiyo si cha kutupwa. Hupelekwa kwa seremala au kwa fundi wa vyuma, naye akakitia vibao vipya vya mti wa kwetu. Desturi hii yaonekana ndogo, lakini asili yake ni ya zamani kuliko kisu chenyewe, nayo ndiyo twataka kuieleza.

Kabla ya majembe ya Ulaya kufika, nyanda hizi zilikuwa na wafua chuma wenye sifa. Wapangwa na Wakinga katika milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa, na Wanyiha wa Mbozi, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru za udongo, wakafua majembe, mikuki na visu. Wanyakyusa walikuwa na ndizi na ng'ombe tele, lakini chuma hawakuwa nacho. Majembe na mikuki yao ilitoka kwa Wakinga, waliolipwa chakula. Na jembe hilo lilisafiri bila mpini. Mhunzi aliuza chuma, mti ulikuwa shauri la mnunuzi. Msuka ulitiwa motoni hata ukawa mwekundu, ukasukumwa katika mti, nao ukajichomea tundu lililolingana nao sawasawa. Mpini ukioza au ukipasuka, mwenyewe alikwenda porini akakata mwingine. Hakudhani kwamba chombo kimekufa. Fikra hiyo twaiona kuwa mzizi wa mambo yote haya: makali ni ya mhunzi, mpini ni wa mwenye kisu.

Kisu cha kukunja kilikuja na fikra nyingine. Kwa mafundi wa Sheffield katika Uingereza na wa Solingen katika Ujerumani, mpini ndio uliotenga kisu cha tajiri na kisu cha maskini. Mmoja alitiwa pembe ya ndovu, wa pili mfupa, pembe ya ng'ombe au mti. Kisu walichopewa askari wa Uswisi mwaka 1891 kilikuwa na vibao vya mwaloni uliotiwa weusi. Mwaka huo huo, tarehe 17 Agosti, Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wadachi huko Lugalo, na silaha yao kubwa ilikuwa mkuki, yaani chuma kilichofuliwa na mti uliochongwa. Wakati ule pembe za ndovu wa bara zilichukuliwa na misafara hata pwani, zikavuka bahari, na sehemu yake ikageuzwa mipini ya visu Ulaya. Huenda kipande kimojawapo kilirudi kwetu mfukoni mwa mgeni.

Wadachi walijenga boma jipya la Iringa mwaka 1896. Mji wa Mbeya ulikua baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, watu walipokimbilia dhahabu ya Lupa. Maduka ya Wahindi, wachimba dhahabu na askari waliotoka vitani walieneza vyuma vya Ulaya. Majembe hayo yalikuwa rahisi mno hata tanuru zetu zikazimika moja baada ya moja, na wahunzi waliobaki wakafua vyuma chakavu. Hiyo ni hasara, wala hatupendi kuipamba. Lakini kazi ya mpini haikuhitaji tanuru, nayo ilipona.

Haikupona bila kujifunza jambo jipya. Kisu cha kukunja hakina msuka wa kutia motoni. Makali yake huzunguka juu ya kijiti cha chuma, mgongoni pana kamani inayoyabana, na kila ubavu una bamba la shaba ambalo kibao kimepigiliwa juu yake. Fundi huanza kwa kukata kwa tupa vichwa vya misumari ya zamani, akaisukuma nje polepole, maana akitumia nguvu bamba litapindika. Kibao cha zamani, hata kikiwa vipande, hakitupi: hukipanga juu ya ubao mpya, akachora ukingo wake. Hukata kwa msumeno mwembamba, akalaza ubao chini ya bamba na kutoboa kwa keekee kupitia matundu yale yale ya bamba. Tundu likienda upande hata kidogo, ubao utapasuka wakati wa kupigilia. Kisha hupitisha waya wa shaba, akaukata ukabaki umechomoza kidogo tu pande zote mbili, akaugonga kwa nyundo ndogo hata ufanye kichwa. Hapa ndipo wengi waharibupo kazi. Mwenye haraka hugonga mno, mabamba yakakaribiana, na kisu hakifunguki tena ila kwa meno. Fundi mwema hukifungua na kukifunga kila baada ya mapigo machache. Zilizobaki ni kazi za tupa, msasa na mafuta.

Mti nao wataka akili. Mninga mkavu twausifu kuliko yote, kwa kuwa haunywei wala kuvimba sana, tena wakubali tupa. Mpingo wapendeza macho, ni mzito hata huzama majini, lakini huchosha msumeno na hupasuka upesi ukitobolewa kwa pupa. Ubao mbichi uliokatwa wakati wa mvua hudanganya: mwezi wa Juni na Julai, upepo mkavu wa baridi uvumapo Iringa, hunywea, na vichwa vya waya vikabaki vimesimama vikikwaruza mkono. Pembe ya ng'ombe huchemshwa hata ilainike, ikabanwa katika jiriwa kati ya mbao mbili mpaka ipoe, ikatoka bapa. Pembe ya ndovu haina nafasi tena, kwani mataifa yalikubaliana kuikataza biashara yake mwaka 1989.

Kisu kilichotengenezwa hivi pengine hakina pande mbili za sura moja. Ubavu mmoja ni mninga mwekundu, wa pili ni pembe nyeusi. Mgeni huuliza kama ni pambo. Mwenyewe hujibu kwamba kibao cha kwanza kilivunjikia shambani, na cha pili kilivunjwa na mtoto.