Fundi Msafiri na Mlango wa Forodha

Miongoni mwa kazi zilizozuka katika umri wa watu walio hai leo, iko moja ambayo mwenyewe hana duka wala kibao, hana tajiri wala mtumishi, na aghalabu hana hata anwani ya kudumu: ni kazi ya yule fundi wa peke yake atungaye programu ndogo ndogo za kuwafaa wasafiri, hali yeye mwenyewe ni msafiri. Leo yuko Lisbon, mwezi ujao yuko Chiang Mai, na baada ya hapo huenda akashukia Paje au Diani. Mkobani mwake mna kompyuta moja, na hicho ndicho kiwanda chake chote. Bidhaa zake ni daftari la matumizi ya siku, kikokotoo cha kubadili fedha, ramani isiyohitaji mtandao, saa ionyeshayo wakati wa miji miwili kwa pamoja. Wamwonao hudhani kwamba kazi hii imezaliwa na wepesi wa mashine, ya kuwa kompyuta ilipopungua uzito ndipo fundi alipopata ruhusa ya kwenda zake. Dhana hiyo haikosi ukweli. Lakini atakayeifuata tarikhi ya kazi yenyewe ataona kwamba mashine nyepesi ilitangulia kwa miaka mingi, na kwamba kilichokuwa kimemfunga fundi mahali pamoja, na kilichokuja kumfungua, ni mlango wa kupitishia bidhaa yake na ushuru utozwao mlangoni hapo.

Mashine nyepesi ilikuwako tangu 1983. Mwaka huo kampuni ya Radio Shack ilianza kuuza huko Marekani kompyuta iitwayo TRS-80 Model 100, iliyoundwa na Kyocera ya Japani, yenye ukubwa wa kitabu kipana, ikienda kwa betri nne ndogo kama zile za tochi, ambazo ziliitosha kwa takriban saa 20. Kioo chake kilionyesha mistari 8 tu, kila mstari herufi 40, na ndani yake mlikuwa na modemu ya kusafirishia maandishi kwa waya wa simu. Mwaka huohuo mwandishi mmoja, Steven K. Roberts, aliondoka mji wa Columbus, jimbo la Ohio, juu ya baiskeli ya kuendeshwa kwa kuegemea nyuma, akiwa amechukua kompyuta hiyo na kibao cha kukusanyia nguvu za jua, akashika njia kuizunguka nchi yake mwendo wa kilomita zipatazo 16,000. Jioni hufika mahali penye simu, akaunganisha modemu yake, akayapeleka makala kwa wahariri kupitia mtandao wa CompuServe. Katika safari za baadaye alitia vitufe katika usukani wa baiskeli, apate kuandika huku anakwenda, na 1988 akatoa kitabu juu ya safari ile ya kwanza.

Basi mbona mafundi wa programu hawakumfuata Roberts wakajaa barabarani? Sababu ni kwamba Roberts alikuwa akiuza maneno, na maneno hupita katika waya wa simu. Lakini programu ya zama zile ilisafiri ndani ya disketi, disketi ndani ya bahasha, na bahasha kwa posta. Aliyeiuza hakuwa na budi kukaa karibu na sanduku lake la barua, kwani huko ndiko zilikoingia hundi na huko ndiko zilikotoka bidhaa.

Habari za wazee wa kazi hii zinaonyesha wazi jinsi sanduku hilo lilivyowatawala. Mnamo 1982 Andrew Fluegelman, mhariri aliyekaa Tiburon, California, alitunga programu ya mawasiliano akaiita PC-Talk, naye asitake kuipeleka kwa wachuuzi wakubwa. Alitangaza kwamba kila amleteaye disketi tupu pamoja na bahasha yenye stempu atanakiliwa programu hiyo bila malipo, na atakayeiona inamfaa na amletee dola 25. Wakati uleule, upande wa Seattle, Jim Knopf, mwajiriwa wa IBM, alikuwa na programu ya kutunzia orodha, ambayo aliianza kwa haja ya kuchapa anwani za waumini wa kanisa lake. Nakala zake zilikuwa zimeenea kwa marafiki na marafiki wa marafiki, hata gharama za kuwapelekea masahihisho zikamwelemea, naye akatia ndani ya programu yenyewe ombi la mchango mdogo. Mtumiaji mmoja akaona maombi mawili yaliyofanana, akawajulisha. Wakapatana kila mmoja kuitaja programu ya mwenziwe, na Knopf akabadili jina la yake iwe PC-File, na bei iwe dola 25 zilezile. Mwaka uliofuata Bob Wallace, aliyekuwa mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa Microsoft, aliongeza fikira ya tatu katika programu yake ya kuandikia, PC-Write: anayenunua hupewa namba yake, na nakala aliyoigawa ikizaa mnunuzi mwingine, hupata ujira wa dola 25.

Hii ilikuwa biashara ya amana tupu. Hapakuwa na kufuli katika programu wala askari mlangoni. Mtu aliipokea, akaitumia, na kama ana haya alilipa. Wenye hekima za soko walidhani wazee hawa wamerukwa na akili, lakini fedha ziliingia, na Knopf aliweza kuacha kazi ya IBM akaishi kwa programu yake. Na lipo jambo dogo katika desturi ile ambalo msomaji na aliweke akilini: kila hundi ilifika na jina la aliyeiandika na mahali anapokaa. Fundi aliwajua wanunuzi wake mmoja mmoja. Toleo jipya likitoka, aliwaandikia.

Intaneti ilipoenea katika miaka ya 1990, disketi na bahasha zikatoweka. Kampuni ya XE ya Kanada iliweka mtandaoni kikokotoo cha fedha, na msafiri mwenye kuunganishwa akapata kwa kubofya mara moja kile alichokuwa akikitafuta katika vibao vya maduka ya kubadilishia fedha. Mwaka 1996 kikatoka kile kidaftari cha kielektroniki cha mkononi cha Palm, na mafundi wa peke yao wakakijaza saa za dunia, kamusi na orodha za mizigo. Mojawapo ya programu hizo, Métro, iliyotolewa bure, ilimwongoza mgeni katika njia za reli za chini ya ardhi za miji mingi bila ya kuuliza mtu. Mwaka uliofuata, 1997, Tsugio Makimoto wa Japani na David Manners wa Uingereza walichapisha kitabu juu ya wahamaji wa kidijitali, wakibashiri kwamba mashine ndogo na mawasiliano ya upesi vitamrudishia mwanadamu uhuru wa kuhama aliouacha alipoanza kulima. Ubashiri wao ulikuwa sahihi kuhusu mashine. Kuhusu soko haukueleza mengi.

Soko lilibadilika tarehe 10 Julai 2008, siku Apple ilipofungua duka lake la programu za simu likiwa na programu zipatazo 500. Kwa ada ya dola 99 kwa mwaka, fundi yeyote aliweza kuweka bidhaa yake mbele ya kila mwenye simu ya Apple. Kampuni ikakusanya fedha katika nchi nyingi, ikazibadili, kisha ikampelekea fungu lake: sehemu 70 katika 100, na 30 zikabaki mlangoni. Google ikafuata mwaka huohuo kwa duka lake. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya utaratibu wa namna hii, kwa kuwa waliujua Unguja zama za Sayyid Said, ambapo forodha nzima ilikodishwa kwa nyumba ya mfanyabiashara Jairam Shivji, na kila jahazi likapita mkononi mwake. Lakini mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Wamarekani uliweka ushuru wa bidhaa ziingiazo kuwa 5 katika 100. Mwenye bandari ya simu alitaka mara sita ya huo, na mafundi walilipa kwa furaha, kwani kwa mara ya kwanza walikuwa huru kuliacha sanduku la barua.

Hapo ndipo fundi msafiri alipozaliwa hasa. Tuchukue mfano wa Trail Wallet, programu iliyotungwa na wasafiri wawili wa Uingereza waliokuwa wameacha makazi yao na kuishi safarini. Haja waliyoitengenezea waliijua kwa kuishi nayo. Mtu aliye Hanoi amelipa chakula kwa dong, nauli kwa dong, chumba kwa dola, na jioni hajui kama amekula fungu la siku moja au la siku tatu. Programu ile ilimtaka aweke kiasi anachokusudia kutumia kwa siku. Kisha kila atoapo fedha huandika tarakimu kwa sarafu ya mahali alipo, nayo huigeuza kuwa ya kwao na kumwonyesha kilichosalia. Mtu wa ofisini asingalijua kwamba jambo hilo sharti liishe kwa miguso michache, mnunuzi akiwa amesimama mbele ya mwenye kibanda na foleni iko nyuma yake.

Hata hivyo, tukimwita fundi huyu wa peke yake, tumwite hivyo kwa hadhari, maana chini ya programu yake ndogo mna kazi ya maelfu wasiojulikana. Saa yake ya miji miwili hutegemea hazina ya majira ya dunia ambayo Arthur David Olson aliianzisha Marekani katika miaka ya 1980 na watu wa kujitolea wakaendelea kuitunza, ambamo Dar es Salaam na Kampala huufuata mstari mmoja wa Nairobi, na mstari huo unakumbuka hata zile zama ambazo Afrika Mashariki ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich kabla ya kutimiza saa tatu. Ramani yake hutoka katika OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004. Na mgeni apitaye leo katika vichochoro vya Tandale akiongozwa na simu, aghalabu anaongozwa na kazi ya wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam na wakaazi wa mitaa hiyo, ambao kwa mradi wa Ramani Huria walipita nyumba kwa nyumba na mfereji kwa mfereji, kusudi mafuriko yakija ijulikane maji yanapita wapi. Na kikokotoo chake, kama amechukua viwango vitolewavyo bure kila siku ya kazi na Benki Kuu ya Ulaya, kitakuwa na sarafu zipatazo 30, na katika Afrika nzima atakuta humo randi ya Afrika Kusini peke yake. Shilingi zetu zote hazimo. Msafiri ashukaye Mombasa na programu ya namna hiyo atarudi kuuliza bei ya dola kwa dereva wa teksi.

Mwaka 2014 Mholanzi mmoja, Pieter Levels, akizunguka miji ya Asia, alionyesha njia nyingine. Alijiwekea ahadi ya kuanzisha biashara 12 katika miezi 12, na mojawapo ilianza kama jedwali la wazi mtandaoni, ambamo wageni wenyewe walijaza gharama za maisha ya mji mmoja mmoja na kasi ya intaneti yake. Jedwali hilo likawa Nomad List, tovuti ya wahamaji wanaotaka kujua waende wapi. Levels hakuipitisha katika bandari ya simu. Aliiweka katika tovuti yake, akaiendesha peke yake kwa lugha ya PHP ambayo mafundi wa mtindo mpya waliidharau, na malipo akayapokea mwenyewe kwa njia ya Stripe, kampuni iliyofungua huduma zake kwa umma mwaka 2011 na kutoza sehemu chache tu katika 100. Kwa namna fulani alikuwa amerudi katika barza ya Fluegelman na Knopf: mnunuzi alikuja mlangoni kwake, akaacha anwani yake.

Tangu hapo mabwana wa bandari wamelegeza mkono kidogo. Mwaka 2021 Apple na Google walipunguza ushuru ukawa 15 kwa mafundi wadogo, na mwezi wa Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya ikailazimisha Apple kuruhusu maduka mengine katika nchi za umoja huo. Serikali nazo zimeona kwamba fundi msafiri huleta fedha asizozichuma hapo: Estonia ilifungua visa maalumu kwa ajili yake mwaka 2020, na Kenya ikatangaza kibali chake mwaka 2024. Yote hayo yanamhusu zaidi mwenye pasi inayopokelewa kila mahali. Kijana wa Mwanza au Kisumu mwenye ustadi uleule hukutana na forodha ya kwanza kwenye dirisha la ubalozi, kabla hajafika kwenye ile ya duka la programu. Yeye aghalabu husafirisha bidhaa na kubaki nyumbani.

Lakini ushuru wa fedha, mkubwa au mdogo, haukuwa gharama kubwa kuliko zote. Fundi auzaye katika duka la Apple hupelekewa hesabu ya mauzo kwa nchi na kwa siku. Majina ya walionunua hubaki kwa mwenye duka. Siku programu ikiondolewa, au sheria za duka zikibadilika, hana wa kumwandikia, hata awe ameuza kwa watu laki moja. Fluegelman, aliyekuwa akinakili disketi moja moja na kubandika bahasha, angaliweza kuuhama mji wake na biashara yake ikamfuata, maana orodha ya wanunuzi ilikuwa mikononi mwake. Ilhali wa leo, ambaye mwili wake uko huru kupita barabara zote za dunia, biashara yake imekaa mahali pamoja asipopamiliki. Kwa hiyo kijana atakaye kuingia katika kazi hii, kabla ya kuuliza ni simu gani aiandikie au ni mji gani una maisha rahisi, na aulize kwanza ni nani atakayeishika orodha ya wanunuzi wake. Na jibu likiwa si yeye, basi ajue kwamba amepanga chumba katika nyumba ya mtu, akaweke akiba ya siku ya kuhama.