Deni la Udugu Katika Kisarawe na Kibaha

Mapenzi peke yake hayajapata kuwa mlinzi wa wazee na wagonjwa katika nchi ya Uzaramo. Mapenzi hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Lakini mila ilimpa kila jamaa cheo chake, na pamoja na cheo hicho ikampa deni. Katika vijiji vya Kisarawe na Kibaha, mtoto wa Kizaramo alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, na kwa baba yake alirithi jina la mtala. Kwa hiyo hakulelewa na upande mmoja, wala alipokuwa mtu mzima hakuwa na upande mmoja wa kuulipa. Mjomba alikuwa na amri juu yake, na wajibu pia. Dada wa mama aliitwa mama, mkubwa au mdogo, wala hilo halikuwa adabu ya ulimi tu: aliyeitwa mama ilimpasa kulea, na aliyemwita mama ilimpasa kumtunza.

Deni hilo halikuachwa lijifunze lenyewe. Mwali aliyewekwa ndani alifundwa na wanawake watu wazima heshima ya wakubwa na kazi za nyumba. Hapa pana jambo ambalo wasifu wa mila hulipita upesi. Sifa ya matunzo iligawanywa kwa ukoo mzima, bali kuchota maji, kumwosha mgonjwa na kukesha naye kuliangukia mikono ya wanawake. Mwanamume aliyetoa gharama ya dawa alitajwa barazani; mwanamke aliyekesha hakutajwa, maana alidhaniwa ametenda la kawaida. Angeacha kukesha, ndipo angetajwa.

Nyakati zilipogeuka, deni halikufutika. Lililogeuka ni namna ya kulilipa. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwatoa watu majumbani kwenda kulima mashamba ya pamba ya shuruti. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Tangu hapo mji ukawa karibu, na vijana wakaufuata. Aliyehama alituma fedha badala ya mikono yake, akarudisha wajukuu kwa bibi yao. Mwaka 1963 ulianzishwa Kibaha mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic, wenye shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Tiba ya kisasa ilisogea, lakini aliyelazwa aliendelea kuwahitaji jamaa wa kumpelekea chakula na kumfulia nguo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo tegemeo la kwanza la wazee. Neno hilo ni la haki, lakini lina hatari yake: nia ya kutunza si uwezo wa kutunza. Bibi anayelea wajukuu watano hakosi nia. Hukosa unga, nauli na usingizi. Ukweli huo ulikubaliwa kwa vitendo mwaka 2010, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulipoanza kwa majaribio kuzipa fedha kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kwa masharti yake, watoto walitakiwa kuhudhuria shule na kliniki, na wazee wa miaka 60 na zaidi kupimwa afya mara moja kwa mwaka. Fedha hizo hazikununua upendo wala hazikuchukua nafasi ya mila. Ziliupa msaada mkono uliokuwa tayari kazini.

Wahenga wamesema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Historia ya Kisarawe na Kibaha yaonyesha kuwa mila ilijua vema kumwambia mtu kwa nini atunze. Haikumwambia atatunza kwa nini mkononi, wala haikumwuliza mwanamke kama amechoka. Taifa linaloisifu mila hiyo bila kuyajibu maswali hayo mawili huazima nguvu za bibi kizee, lisiseme litazirudisha lini.