Kompyuta iliyopigwa marufuku, gemu iliyofundisha kusoma

Mwaka 2024 ulipita na kumbukumbu tatu zilizostahili walau kongamano moja pale Mnazi Mmoja. Ilitimia miaka 50 tangu Serikali ipige marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ilitimia miaka 10 tangu katuni za Ubongo Kids zianze kuonekana TBC1, zikitengenezwa na vijana wa hapa hapa Dar es Salaam. Na ilitimia miaka 10 tangu kutangazwa shindano la dola milioni 15 za Marekani, ambalo baadaye liliwapelekea watoto wa vijiji vya Tanga gemu za kuwafundisha kusoma Kiswahili. Sikuona bango wala kusikia hotuba.

Ukishuka mwendokasi Gerezani na kukata mitaa hadi Aggrey, unapita katikati ya soko la simu linalolisha nusu ya nchi. Wazazi wanamnunulia mtoto simu ya kioo au tableti "ya kujifunzia". Wenye uwezo mdogo wananunua kilaptopu cha plastiki chenye vitufe vya rangi, ambacho ukikibonyeza kinaimba herufi kwa Kiingereza. Mtoto huyo huyo akiingia darasa la kwanza Uhuru Mchanganyiko au Mnazi Mmoja anakutana na a, e, i, o, u, na kazi inaanza upya. Ninaamini watoto hawa wanadhulumiwa. Gemu nzuri za kusomea zilizotengenezwa kwa lugha yao zipo, hazilipiwi, na zimejaribiwa katika nchi yao wenyewe. Ili kuelewa tumefikaje hapa inabidi kurudi nyuma kidogo, hadi Wizara ya Fedha.

Mtafiti Klodwig Mgaya, ambaye maandishi yake ya mwaka 1994 ndiyo ninayoyategemea zaidi katika sehemu hii, anaeleza kwamba kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Ile ya Hazina ilipewa kazi nzito ya kushika hesabu za Serikali, na kazi hiyo ikaishinda. Watanzania wenye ujuzi walikuwa wachache mno, mipango haikukaa sawa, na mambo mengi yaliachwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni. Hesabu zikavurugika kiasi kwamba wizara ilirudi kwenye utaratibu wa zamani, baada ya fedha nyingi kuteketea.

Ndipo ikatoka amri ya mwaka 1974. Ilizuia kuingiza kompyuta, na amri hiyo hiyo moja ikazuia pia televisheni. Vyombo viwili ambavyo leo mtoto wa Kariakoo anajifunzia herufi vilifungiwa mlango siku moja. Aliyetaka kompyuta kwa sababu maalumu alilazimika kuomba kibali na kueleza ataifanyia nini. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar ilikuwa imeshapata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini. Huku Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo.

Wapo wanaoicheka amri ile. Mimi siicheki. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mwaka uliotangulia, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu, na Serikali ilikuwa imetoka kupata hasara na mashine ambayo wananchi wake wenyewe hawakuwa wameandaliwa kuiendesha. Kiongozi aliyeogopa kununua chombo kingine cha namna hiyo alikuwa na sababu. Kosa ninaloliona ni kwamba dawa iliyochaguliwa iliziba mlango na kuacha ugonjwa ndani. Tatizo lilikuwa watu wasiofundishwa, na miaka zaidi ya kumi iliyofuata ilipita bila kizazi kipya kugusa mashine hizo isipokuwa katika ofisi chache. Mafundi wetu wa kwanza wa programu wangeweza kuwa wazee wenye wajukuu sasa.

Ni vema kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1974 ndio Azimio la Musoma lilipoagiza kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwisho wa 1977. Nchi ilikuwa ikijifunza kusoma kwa chaki, ubao na redio, na ilifanikiwa: kwa takwimu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Jengo la soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na ndani yake walikuwamo akina mama waliokuwa wakijifunza kuandika majina yao ukubwani. Hakuna gemu iliyofanya kazi hiyo. Walimu waliifanya.

Kilichofuata kinajulikana: uchumi ulianguka, madarasa yakajaa, vitabu vikapungua, masharti ya kompyuta yakalegezwa taratibu. Miaka ya tisini watoto wa mjini walicheza gemu za kaseti kwenye televisheni, na baadaye vibanda vya gemu vikaenea uswahilini, vikiwa na mpira na mapigano na hata silabi moja hakuna. Mwaka 2012 taifa lilishtuka kusikia kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ule tunaouita KKK, ulizaliwa kutokana na mshtuko wa miaka hiyo.

Katika hali hiyo walijitokeza vijana wa Ubongo, wakiwamo Nisha Ligon, Rajab Semtawa na Cleng'a Ng'atigwa. Walianza na hesabu na sayansi. Januari 2014 katuni yao ikaruka TBC1, na swali lilipoulizwa kwenye skrini mtoto aliweza kujibu kwa ujumbe mfupi wa simu, hata kwa kitochi cha bibi, na mhusika wa katuni akamrudishia jibu. Hiyo nayo ni gemu, na ilitumia simu ambayo tayari ilikuwa nyumbani. Baadaye wakawageukia wadogo kwa Akili and Me, kisa cha Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akilala huota ulimwengu wa wanyama wanaomfundisha herufi na namba.

Nje ya nchi, Wafini wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä chini ya Profesa Heikki Lyytinen walikuwa wametengeneza GraphoGame, ambayo humsikilizisha mtoto sauti na kumtaka achague herufi yake, tena na tena, hadi azoee. Ilifika Zambia na kujaribiwa kwa Kinyanja. Njia hiyo inaifaa sana lugha yetu, kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa: mtoto akizijua irabu tano na konsonanti chache, akaunganisha "ma" na "ma", ameshasoma. Na mashine haimwoni mjinga. Katika darasa la watoto zaidi ya mia moja, anayekosea mara saba hujificha nyuma. Kwenye kioo hurudia mara ya nane bila kuchekwa.

Shindano la XPRIZE, lile la dola milioni 15 nililolitaja mwanzoni, lilifuata wazo hilo. Lilitangazwa Septemba 2014, fedha zikitoka kwa Elon Musk, na Tanga ikachaguliwa kuwa uwanja wa majaribio kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vishikwambi vilitolewa na Google. Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walivitumia kwa miezi 15, bila mwalimu. Kila kijiji kilikuwa na mama aliyesimamia kituo cha kuchajia kwa nguvu ya jua. Kabla ya hapo, kwa taarifa ya waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao hawakuwahi kuingia shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu.

Mei 15, 2019, mjini Los Angeles, walitangazwa washindi wawili waliolingana: Kitkit School, ya timu ya Korea Kusini na Marekani, na onebillion ya Uingereza na Kenya. Kila mmoja alipewa dola milioni 5. Sharti la shindano lilikuwa kwamba programu zote za fainali, zikiwamo RoboTutor ya Pittsburgh na Chimple ya India, zitolewe bure pamoja na msimbo wake, ili yeyote azichukue na kuziendeleza.

Malawi, ambako onebillion walikuwa wakifanya kazi tangu kabla ya Tanga, sasa ina mpango wa kitaifa wa kuifikisha programu yao katika shule zote za msingi za Serikali, darasa la kwanza hadi la nne. Sisi tuliotoa watoto wa majaribio na lugha ya majaribio tumebaki na taarifa. Baada ya sensa ya 2022 Serikali iligawa vishikwambi karibu 300,000 kwa walimu, hatua niliyoipongeza na ninaendelea kuipongeza. Kishikwambi kimoja kilichowekwa gemu ya silabi kinaweza kuzunguka kwa watoto watano wa mwisho darasani wakati mwalimu anaendelea na wengine.

Halmashauri ya Jiji inaweza kuanza na shule tatu tu zinazolizunguka soko: Uhuru Mchanganyiko, Mnazi Mmoja na Lumumba. Programu ni za bure, Kiswahili kimo, na mafundi wa Aggrey wanaopakia programu kwenye simu kuanzia asubuhi hadi usiku wako umbali wa kutembea kwa miguu.