Jembe na Baraza Shuleni Litowa

Wasikilizaji wetu, wako wazazi waliodhani kwamba jembe shuleni ni adhabu tu. Basi na tuitazame shule ndogo ya Litowa, kijiji cha ujamaa katika Wilaya ya Songea. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wake walilima shamba lao, tena walikutana barazani wakashauriana juu ya kazi yao.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na shule nyingi zikalima mashamba. Walakini mara nyingi mwalimu aliamuru, mtoto akatii. Mwaka 1969 TANU ikauvunja ushirika wa vijiji vya Ruvuma, Litowa kikiwamo. Jembe lilibaki mashuleni, shauri la watoto likawa haba. Nasi twaona kwamba mtoto huipenda kazi aliyoulizwa shauri lake.