Uzee Si Ugonjwa

Katika mazungumzo yetu ya leo nataka tutafakari neno moja linalosemwa katika nyumba nyingi. Mzee akianguka, akichanganyikiwa, au akishindwa kuinuka kitandani, tunasema, "Ni uzee tu." Kisha tunamfunika blanketi vizuri na kwenda zetu. Je, neno hilo ni la kweli? Yuko daktari mmoja wa Uingereza aliyelikataa. Jina lake Marjory Warren.

Daktari Warren alizaliwa London mwaka wa 1897. Alifuzu udaktari mwaka wa 1923, siku ambazo madaktari wanawake walikuwa bado wachache, na mwaka wa 1926 akaanza kazi katika hospitali ya Isleworth, upande wa magharibi wa London. Hakwenda huko kutafuta wazee. Kazi aliyoipenda ni upasuaji. Lakini kando ya hospitali yake palikuwa na nyumba ya maskini, ambamo watu wasio na uwezo walilazwa chini ya sheria za zamani. Mwaka wa 1935 nyumba hiyo iliunganishwa na hospitali, iliyojulikana sasa kama West Middlesex, na Daktari Warren akakabidhiwa wagonjwa waliokuwamo. Walikuwa 714.

Alikuta nini? Alikuta watu waliolala miaka mingi bila kupimwa na bila mtu kujua hasa wanaugua nini. Aliyepooza kwa kiharusi, mwenye baridi yabisi na aliyepotewa na akili walilala pamoja katika wodi zenye giza. Nao walikuwa wamekata tamaa. Daktari Warren akaona jambo ambalo wengine hawakuliona: kitanda chenyewe kilikuwa kinawaumiza. Maana mtu asiyetumia miguu, misuli yake hulegea, viungo hukauka na kujikunja, ngozi hufanya vidonda, na mwisho moyo nao huvunjika. Hayo yote watu waliyaita uzee.

Basi akaanza kazi. Alimpima kila mgonjwa, mmoja mmoja, akaandika ugonjwa wake, kisha akawapanga kwa mafungu kulingana na haja zao. Wodi zikapakwa rangi ya kupendeza, taa zikaongezwa, na vyuma vya kushikilia vikatiwa ukutani. Wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wakafanya kazi pamoja naye. Waliopooza wakafundishwa tena kuketi, kisha kusimama, kisha kutembea. Wengi wakarudi kwao, na wengine wakahamia makao ya wazee. Hatimaye alihitaji vitanda 240 tu. Vilivyobaki wakapewa wagonjwa wa kifua kikuu.

Angalieni, ndugu zangu, hakusema kwamba kila mzee atapona. Wako waliobaki kitandani, nao aliwatunza kwa heshima. Alilokataa ni kumhukumu mtu kabla ya kumpima.

Aliyoyaona aliyaandika katika magazeti ya madaktari mwaka wa 1943 na tena 1946, akidai kwamba wazee watibiwe katika hospitali kuu, mahali ambapo wanafunzi wa udaktari watajifunza kuwahudumia. Mwaka wa 1947 yeye na madaktari wenzake wachache wakaunda chama cha utunzaji wa wazee, ambacho leo ni chama cha madaktari wa wazee wa Uingereza. Mwaka wa 1960, akiwa safarini kwenda mkutanoni, alifariki kwa ajali ya barabarani huko Ulaya. Hata leo watu humwita mama wa utabibu wa wazee, na desturi yake ya kumchunguza mzee mwili, akili na makao yake pia, ndiyo msingi wa kazi hiyo.

Nikisoma habari zake namkumbuka yule mtu wa Yohana sura ya 5, aliyeugua miaka 38 kando ya birika. Watu walimzoea. Bwana Yesu hakumpita. Alisema naye kwanza, akamwuliza haja yake.

Je, nyumbani kwako yuko mama au baba aliyelala? Chakula na blanketi ni vyema, lakini havitoshi. Uliza: alipimwa lini? Je, alichanganyikiwa ghafula, labda kwa homa au kwa dawa mpya? Je, haoni vizuri, au hasikii, nasi twadhani hana akili? Je, yuko mtu wa kumshika mkono, aketi nje juani na kupiga hatua chache? Mpeleke kwa daktari, na ukiambiwa ni uzee tu, omba kwa adabu apimwe.

Kuwaheshimu wazazi ni pamoja na kazi hiyo.